Koti Alilolishona Albertine

Gari lilipoingia tu uani, Musonda alijua kuna jambo. Alikuwa ameendesha magari maisha yake yote, na mtu mwenye hasira alimtambua kwa jinsi anavyokanyaga breki. Binti yake Huguette alishuka, akaubamiza mlango, akazunguka nyuma na kuanza kutoa vikopo vya yaourt, maziwa yake ya mgando, akivipanga chini kwenye kivuli cha ukuta kama mtu anayeokoa vyombo kwenye nyumba inayoungua.

“Aba, mama,” Musonda akamwita, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto. “Kuko nini?”

“Batri imekufa, papa. Pale pale ku mulango ya Madame Delphine, ku Karavia. Balinzi njo banasukuma gari, bantu bote banaangalia. Nilisikia haya, we!”

Akakaa kwenye kizingiti, akavua viatu. Musonda alichukua kikopo kimoja, akakibonyeza. Kilikuwa vuguvugu. Mwezi wa kumi Lubumbashi hauna huruma na maziwa.

Huguette alikuwa na biashara yake ndogo pale nyumbani kwao Kampemba: alichemsha maziwa, akayagandisha, akayatia vanila, akapeleka kwa wateja waliomwita kwa simu. Ili kuwafikia walio mbali alikuwa amenunua friji ya gari, sanduku la plastiki la kijivu lenye mota yake ubavuni, linalokaa nyuma ya gari na kunyonya umeme wa batri kwa waya unaochomekwa mahali pa kuwashia sigara. Miezi ya baridi ilikuwa imefanya kazi bila neno. Joto lilipoanza, mota ikawa hainyamazi. Gari likiwa linatembea, sawa. Likisimama kidogo tu kumsubiri mteja, friji inamaliza batri, na gari haliwaki tena.

Kesho yake waliirudisha kwa Kambale, aliyeiuza. Kambale alikuwa mtu wa Butembo, mkristo wa kusali hata kabla ya kufungua duka, na vitu vyake vilikuja kwa malori kutoka kila upande. Aliichomeka friji ukutani, akainama kuisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasimama akijishika kiuno.

“Huyu hana ugonjwa, dada yangu. Anachoka tu. Joto la inje linaingia, yeye analitoa, linaingia, analitoa. Atapumuzika saa ngapi?”

“Sasa nifanye nini?”

“Kuna koti zake, za kuvalisha friji ili joto lisiingie. Mimi sina. Tena nisikudanganye: bateja bamoja banasema zinasaidia, bengine banasema ni urembo tu.”

“Inasaidia,” Musonda akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na alikuwa amelisema neno lile kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

“Papa, unajua nini juu ya koti ya frigo?”

“Mama yako alishonaka moja,” Musonda akajibu. “Kabla frigo za gari hazijakuya huku.”

*

Njia nzima ya kurudi mawazo yake yalikuwa Kasenga, miaka mingi nyuma.

Wakati ule alikuwa na lori bovu la rangi ya majani, na Albertine alikuwa mke wake wa miaka michache. Waliondoka mjini na vipande vikubwa vya barafu, wakaenda hadi mto Luapula, wakanunua samaki kwa wavuvi asubuhi umande haujakauka, wakawapanga kwenye sanduku la mbao katikati ya barafu iliyopondwa. Kisha wakaanza kushindana na jua. Vumbi jekundu lilipanda hadi kwenye kope. Albertine alikaa kando yake kwenye kabini, miguu juu ya dashibodi, akiimba nyimbo za kwaya na kuzikatiza kila wanaporuka shimo ili kulitukana lile shimo, halafu akiendelea pale pale alipoachia. Musonda hakuwahi kumwona mtu mwingine anayeweza kufanya hivyo.

Msimu wa kwanza jua liliwashinda. Barafu ilikuwa maji kabla hawajafika hata Kasomeno, kijiji cha njiani. Walimwaga samaki porini mara mbili, Albertine akigeuza uso asiwaone, na Musonda akaanza kusema maneno ya kuuza lori na kutafuta kazi mgodini. Ndipo siku moja Albertine alipotoka ndani na kitu kikubwa mabegani, kizito, akikiburuta kwa nyuma kama askofu na joho lake. Lilikuwa koti la sanduku. Nje turubai, ndani tabaka juu ya tabaka, limeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia, na kifuniko chenye kamba za kufunga. Tangu safari ile samaki walifika mjini wamekakamaa, macho yanang'aa, na wanawake wa sokoni wakawa wanawasubiri barabarani.

Albertine alikuwa ameondoka miaka mitatu sasa, kwa ugonjwa wa moyo. Koti lilikuwa bado liko juu ya kabati, limekunjwa. Musonda hakuwa na sababu ya kulishusha, wala ya kulitupa.

Alilishusha siku ile. Panya walikuwa wamekula pembe moja. Huguette alilishika, akalinusa, akasema halinuki samaki hata kidogo. Musonda akamwambia kwamba mama yake alilifua kila Jumamosi, na maji yalikuwa ya kubeba kichwani. Walipolivalisha friji, friji ilizama humo kama mtoto ndani ya koti la baba yake.

“Iko kubwa sana,” Huguette akasema. “Tupeleke kwa Mama Joëlle, akate.”

Neno “akate” Musonda hakulipenda. Lakini alilibeba koti mwenyewe hadi garini.

*

Mama Joëlle alikuwa na cherehani yake Kamalondo, kwenye baraza nyembamba kati ya kinyozi na baa. Alikuwa ameimba kwaya moja na Albertine. Alipoliona lile koti alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

“Mushono wa Albertine huu,” akasema. “Angalia. Alikuwa anarudia kila mushono mara mbili, hakuaminiaka uzi.” Akaligeuza huku na huku, akaipima friji kwa utepe, akatikisa kichwa. “Papa Musonda, siwezi kulipunguza hivi hivi. Iko nene, sindano haitapita. Lazima nifumue yote, nione iko namna gani ndani, kisha nishone lingine.”

“Kufumua yote?”

“Yote.”

Musonda akasema wangoje kidogo, akatoka.

Alitembea barabara za Kamalondo bila kujua anakwenda wapi. Muziki ulikuwa unatoka kwenye baa ingawa ilikuwa mchana, wa zamani, wenye gitaa linalocheka. Katika mitaa hii ndipo alipomtongoza Albertine, kwa viatu vya kuazima vilivyombana hata akashindwa kucheza, naye akamwambia avivue tu, wakacheza peku kwenye sakafu ya saruji. Baa ile sasa ilikuwa duka la simu. Alisimama mbele yake. Alijiuliza kinachomuuma ni nini, turubai kuukuu lililoliwa na panya? Akaona kwamba ni ile mishono. Vitu vingi vya mkewe watu walikuwa wamevigawana baada ya matanga, kama desturi inavyotaka, lakini mishono ile ilikuwa bado imeshika pale pale alipoifungia yeye kwa vidole vyake. Ikifumuliwa haitarudi.

Na upande mwingine, Huguette alikuwa amekaa barazani na friji miguuni, amechoka, akiwaza kama auze gari au aache kazi. Albertine angefanya nini? Hilo halikuhitaji kuulizwa. Angekuwa tayari ameshika wembe.

Alirudi. “Fumua,” akasema. “Lakini polepole, mama.”

Mama Joëlle alifumua polepole kweli. Turubai likatoka. Chini yake kulikuwa na pamba ya godoro, imeshonewa miraba miraba isiteleze. Chini ya pamba, koti la mvua la Musonda, lile la kijivu alilodhani aliliacha garaji mwaka mmoja na hakulipata tena. Alicheka kwa sauti hadi kinyozi akachungulia. Kisha Mama Joëlle akavuta tabaka la mwisho, na Musonda akaacha kucheka.

Lilikuwa bulangeti jekundu lenye ukingo wa hariri, limekatwa vipande vinne.

“Papa?” Huguette akamshika mkono. “Papa, ni nini?”

Musonda aliinua kipande kimoja. “Hii nilinunuaka ku Zambia,” akasema, “wakati mulizaliwa mapacha, weye na marehemu ndugu yako. Bulangeti ya sufu. Ilikuwa kintu ya kwanza ya bei niliyomupatia mama yako. Nilimuvalisha mwenyewe, ku hospitali, ku maternité. Kisha mwaka moja siikuti ku kitanda. Namuuliza. Ananiambia alimupatia dada yake wa Kipushi, sababu alikuwa anasikia baridi.”

“Na ulimuamini?”

“Nilimuamini. Iliniuma kidogo, nikanyamaza. Dada yake alikuwa maskini kweli.”

Mama Joëlle alikuwa ameweka mikono mapajani. “Alijua ungekatala,” akasema taratibu.

“Ningekatala.” Musonda akaipitisha ile sufu katikati ya vidole. Ilikuwa bado laini. “Ningesema tuuze lori kwanza.”

Ndipo alipouelewa msimu ule wote. Yeye alikuwa amewaambia watu kwamba ni turubai jipya, na neema ya Mungu, ndivyo vilivyowaokoa. Albertine alikuwa amekaa kando yake kwenye kabini, miguu juu ya dashibodi, akimsikia akisema hivyo kwa kila mtu, na hakumsahihisha hata mara moja. Alikuwa anatazama tu nje ya dirisha. Sasa Musonda alikumbuka kwamba alikuwa akitabasamu.

“Basi ile bulangeti njo ilitusomesha,” Huguette akasema, na machozi yakamtoka bila aibu, hapo hapo barazani, watu wakipita.

*

Koti jipya lilikuwa zuri. Mama Joëlle alirudisha turubai nje na pamba katikati, na ndani kabisa akaweka bulangeti jekundu, na koti akalitia zipu pande tatu. Friji ilikaa humo imebanwa sawasawa.

Walilijaribu uani. Huguette aliweka chupa za maji ndani ya friji, akaacha gari juani, madirisha yamefungwa, kama vile linavyokaa akisubiri kwa mteja. Wakaketi kivulini kusikiliza. Mota ikanguruma. Wakangoja inyamaze. Haikunyamaza. Ikazidi kunguruma, kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Na Huguette alipofungua mlango wa gari akatia mkono chini ya koti, aliutoa haraka.

“Papa, iko moto! Ni mbaya kuliko ya kwanza.”

Alizima. Musonda alijisikia mzee kuliko umri wake. Alikuwa amefumua mishono ya mkewe, amesema kwa Kambale kwa kiburi kwamba inasaidia, na hiki ndicho kilichotokea.

Huguette ndiye aliyeinuka kwanza. Alivua koti, akaizunguka friji akiipapasa, na akafika ubavuni, kwenye matundu madogo ya plastiki ambamo upepo wa moto ulikuwa bado unatoka.

“Inapumulia hapa,” akasema. “Shiye tumeifunga pua.”

Musonda akainama. Ilikuwa kweli, na mara tu alipoiona ikawa wazi hata akashangaa hakuiwaza. Sanduku la Albertine lilikuwa na barafu, na barafu haitoi kitu. Unaifunika pande zote, basi. Hii ilikuwa na mota inayolichukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukiifunika yote, joto linarudi pale pale, friji inapigana na pumzi yake yenyewe.

“Tupeleke tena kwa Mama Joëlle, atoboe,” Huguette akasema. Halafu akasita, maana mahali pa kutoboa palikuwa katikati ya kipande kikubwa cha bulangeti. “Ao tuache, papa. Nitatafuta koti nyingine.”

“Leta makasi,” Musonda akasema.

Alikata mwenyewe. Alichora kwa chaki mahali penye matundu, upande huu na upande ule, akaingiza makasi kwenye turubai, kwenye pamba, na alipofika kwenye sufu nyekundu hakusimama. Kisha akaomba sindano. Macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo Huguette alimtungia uzi, na yeye akaizungushia ile nafasi mshono mnene, mbaya, wa mwanamume aliyezoea kushona viti vya lori. Kila mahali alirudia mara mbili.

Wakajaribu tena, jua lilipokuwa kali vile vile. Mota ikanguruma. Wakangoja. Ikanguruma bado. Musonda alikuwa anatazama chini, kwenye chungu waliokuwa wakipita kando ya kiatu chake, na alipoinua uso ni kwa sababu alisikia sauti ya kuku wa jirani, na kabla ya hapo hakuwa anaisikia.

“Imenyamaza,” Huguette akanong'ona.

Ilinyamaza kwa muda mrefu hata wakadhani imezimika. Huguette akaenda kuangalia: taa yake inawaka, chupa zinatoka jasho la baridi. Ikaanza tena, ikafanya kazi kidogo, ikapumzika.

Huguette hakuwa mtu wa kuridhika na mara moja. Siku zilizofuata alijaribu na koti, bila koti, gari likiwa juani, gari likiwa kivulini. Alimwambia baba yake matokeo wakati wa kula bukari, ugali wa huko, kama mtu anayesimulia habari za ndugu. Juani, koti lilisaidia sana. Kivulini na jioni lilisaidia kidogo tu. Akitia vikopo vya moto ndani, halisaidii kitu, mota inahangaika vile vile. Sharti vipoe kwanza nyumbani. Na akifunguafungua kifuniko, kazi yote inapotea.

“Koti haitengenezi baridi, papa,” akasema. “Inalinda ile iko tayari.”

“Njo vile,” Musonda akasema, akimega tonge. “Hata mama yako alijua ile.”

*

Madame Delphine alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Huguette alipompigia na kumweleza, alikubali kumjaribu tena: alikuwa anambatizisha mjukuu, na wageni wangekuwa wengi. Huguette akamwomba baba yake amsindikize.

Walifika Karavia mapema, lakini ibada ilikuwa imechelewa huko kanisani na nyumbani hapakuwa na mtu wa kupokea. Wakasubiri mbele ya geti, juani, hapakuwa na kivuli cha kuegesha. Walinzi walikuwa wale wale. Mmoja akamsalimu Huguette na kumuuliza kama leo pia watasukuma, akacheka. Huguette akacheka naye, lakini Musonda aliona jinsi alivyokuwa amekaza vidole kwenye usukani.

Mota ikanguruma nyuma yao, ikanyamaza. Ikanguruma, ikanyamaza. Msafara wa magari ukatokea hatimaye, honi zikilia, na geti likafunguliwa. Huguette akavuta pumzi, akazungusha ufunguo.

Gari likawaka mara moja.

Akaingia uani, akasimamisha, akazima, kisha akaegemeza paji la uso kwenye usukani kidogo kabla ya kushuka. Musonda ndiye aliyefungua zipu. Vikopo vilikuwa baridi hata vikanata kwenye vidole. Wapishi walivipokea, Madame Delphine akaja kuonja akiwa amesimama, katika kitenge chake cha sherehe, akaonja tena, akasema, “Sasa hii njo yaourt, ma fille,” akaenda zake kwa wageni. Mama mmoja mgeni alibaki akilitazama lile koti, akiigusa sufu yake nyekundu palipokuwa wazi kwenye zipu. Akauliza linauzwa wapi.

“Haliuzwi, mama,” Musonda akamjibu kwa heshima. “Lakini ku Kamalondo kuko mutu anaweza kukushonea yako. Umuambie tu aache nafasi ya kupumua.”

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeinama na upepo ulianza kuingia madirishani. Friji ilikuwa tupu na imezimwa. Huguette aliendesha bila haraka, akaizunguka mizunguko ya barabara kama baba yake alivyomfundisha, mkono mmoja tu.

“Papa,” akasema, “ule wimbo mama alikuwa anaimbaka mu lori. Ule wa kutukana mashimo katikati. Ulikuwa wimbo gani?”

Musonda akacheka. “Ulikuwa wa Pasaka. Alikuwa anaimba Pasaka hata mwezi wa saba. Siku moja tuko karibu na mto, padri wa Kasenga ametuomba nafasi, eko katikati yetu mu kabini, na mbele naona shimo…”

Alisimulia shimo lile, na padri, na lililofuata. Alisimulia wavuvi, na jinsi Albertine alivyowasalimu kwa Kibemba kibovu kwa makusudi ili wacheke kabla ya kutaja bei. Walipofika Kampemba hadithi ilikuwa bado haijafika Kasomeno. Huguette aliliona geti la nyumba yao, hakupunguza mwendo, akalipita, akakata kona ya mbele ili wazunguke tena.